Mhariri, hii katuni ya laana nimeiangalia mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua yangu ni ndefu lakini nikiikata naona sitaeleweka. Nimekuwa nikisoma na kusikia maoni ya wazazi wenzangu kuhusu hizi katuni za Kijapani ambazo vijana wetu wanaziita anime, hasa hii inayoitwa Jujutsu Kaisen, kwamba inafundisha watoto uchawi na mapepo na kulaani watu, na dawa yake ni kuifuta na kumnyang'anya mtoto simu yenyewe. Sina ugomvi na wazazi hao maana na mimi nilikuwa huko huko. Nilikaa kuiangalia nikitafuta ushahidi wa kumkataza mwanangu, yani nilikuwa na kalamu na karatasi kabisa, nimepanga niandike kila kibaya nitakachokiona alafu nimwite nimsomee. Ile karatasi ninayo mpaka leo, na kilichoandikwa pale sicho nilichokitegemea.

Nianze na nyumbani ili mjue natokea wapi. Baba yangu mzazi aliugua muda mrefu, na siku zake za mwisho mwanangu ndo alikuwa anakaa naye zaidi maana mimi natoka kazini jioni. Siku moja kabla hajatutoka alimshika huyu mtoto mkono, wakati huo ana miaka 14, akamwambia usilie, wewe ndo mwanaume wa nyumba hii sasa, mama yako nakuachia wewe. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Nililia kwa kuona ni jambo zuri, babu anamwachia mjukuu wosia. Kwenye mazishi mtoto hakutoa chozi hata moja, watu wakamsifia, na mimi nikamsifia mbele za watu, nikasema jamani huyu ndo mwanaume wangu.

Alafu ikaanza. Usiku anaamka anakwenda kushika kitasa cha mlango wa mbele, anarudi kitandani, anakaa kidogo, anakwenda tena. Mi niko chumbani nasikia tu kitasa kinazungushwa polepole asiniamshe. Mpira aliokuwa anaupenda akaacha. Kila jioni ananiuliza mama umekunywa dawa ya presha, nikisema ndio anakwenda mwenyewe kuhesabu vidonge vilivyobaki. Nikawa naona mtoto amekomaa. Mwalimu akaniita akaniambia anasinzia darasani na alama zimeshuka, nikalaumu katuni, maana usiku nikichungulia chumbani kwake namkuta na simu anaangalia watu wanapigana na madude yenye macho kila mahali.

Basi jumamosi moja nikaketi. Kwa asiyeijua, ilianza kama manga, yani hadithi ya michoro, mwaka 2018 kwenye jarida la Kijapani la Weekly Shonen Jump. Mwandishi wake anatumia jina la Gege Akutami, na aliimaliza Septemba 2024 ikiwa na sura 271. Studio ya MAPPA ikaifanya ya kutazama kuanzia Oktoba 2020, msimu wa kwanza episodi 24, wa pili uliotoka 2023 episodi 23. Haya yote nimeyajua kwa mwanangu, anayataja bila kufikiri.

Kitu cha kwanza nilichokiandika kwenye karatasi ni "msumari". Kuna binti mmoja, mwanafunzi wa shule ya kupambana na laana, anaitwa Nobara Kugisaki, silaha yake ni nyundo, misumari na mdoli wa majani makavu, nikaona kwenye picha ya kuitangaza hata kabla sijabonyeza kuangalia. Ni kweli hilo limetoka kwenye imani za zamani za Japani, watu walikuwa wanapigilia msumari mdoli wa majani kwenye mti wa hekaluni ili adui adhurike. Mzazi akiona kipande hicho tu lazima ashtuke, nilishtuka na mimi, na simlaumu anayeshtuka. Ila jamani ukikaa ukaangalia hamna pa kujifunzia kitu. Nguvu zao hazitoki kwenye dawa wala maneno ya kunuiza ambayo mtoto anaweza kwenda kujaribu chumbani. Zinatoka kwenye hisia. Na hapo ndo nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Kwenye ile hadithi laana ni kitu kinachozaliwa na watu. Hasira, majuto, woga, aibu, chuki, vinavuja kutoka kwa watu wa kawaida kila siku bila wenyewe kujua, vinajikusanya mahali, vikijaa sana vinapata mwili na meno. Mmoja wa wanafunzi, Megumi Fushiguro, anaeleza mwanzoni kabisa kwamba laana hujaa zaidi mashuleni na mahospitalini, kwa sababu huko ndo watu wanaacha maumivu mengi. Shule za kupambana nazo ziko mbili tu, Tokyo na Kyoto, na wanaopelekwa vitani ni watoto wa miaka 15, 16. Wakubwa ndo wamezijaza zile laana na watoto ndo wanapelekwa kuzisafisha.

Na episodi ya kwanza inaanza na babu hospitali! Hilo sikulitegemea kabisa. Kijana anaitwa Yuji Itadori, wa mji wa Sendai, ana nguvu za ajabu za mwili lakini hana habari na laana, shuleni yuko kwenye klabu ya mambo ya mizimu kwa sababu tu inamaliza mapema na yeye anataka kuwahi kwa babu yake. Babu mkali, anamfokea kwa nini analeta maua. Alafu anamwambia maneno yake ya mwisho, kwamba wewe una nguvu, saidia watu, unaoweza kuwasaidia, na ukifa ufe umezungukwa na watu, usife kama mimi. Kijana anabonyeza kile cha kumwita muuguzi, anasema babu amefariki, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya taa kuungua.

Ile sauti mi naijua. Ndo sauti ya mwanangu siku ile aliponipigia kazini.

Usiku huo huo wenzake wa klabu wanafungua kitambaa kilichofunga kidole cha Sukuna, mfalme wa laana aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita akaacha vidole 20 visivyoharibika, madude yanajaa shuleni, na Yuji ili apate nguvu ya kumwokoa Megumi anakimeza. Sukuna anaamka ndani yake. Wakubwa wa ule ulimwengu wa jujutsu, yani wa hao wanaopambana na laana, wanaamua kijana auawe. Mwalimu mmoja, Satoru Gojo, yule mwenye kitambaa machoni ambaye vijana wote wanamweka kwenye picha za simu zao, anawashawishi wasubiri kwanza avimeze vidole vyote 20 ndipo wamuue, Sukuna afe naye. Yani mtoto anaanza shule akiwa na hukumu ya kifo, na babu yake ana siku chache tu kaburini.

Sasa kuna kipande, Mhariri, ambacho nataka kila mzazi akione hata kama hataangalia kingine. Yuji anafika Tokyo, anapelekwa kwa mkuu wa shule, Yaga, jibaba limekaa linashona midoli. Yaga anamuuliza umekuja kufanya nini hapa. Kijana anajibu babu aliniambia nisaidie watu, ni wosia wake. Wengi wetu tungempigia makofi. Yaga hajapendezwa hata kidogo, anamwachia mdoli unaomtwanga ngumi huku anaendelea kumuuliza lile lile, na anamwambia hivi, kazi hii utakufa vibaya, siku unakufa utakuja kumlaumu babu yako? Kwamba huwezi kuingia kwenye maisha haya kwa sababu mtu mwingine kasema.

Wakati ule mwanangu alikuwa ametoka chumbani, amesimama nyuma ya kochi, sikujua. Akasema hapo ndo pazuri. Nikanyamaza. Akaja akakaa pembeni, akachukua rimoti akasimamisha, picha ikaganda ule mdoli uko hewani. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Mama, babu aliponiambia vile, na kama mi siwezi je?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia baba endelea kuweka, tuangalie. Nasema kweli ndo kitu pekee kilichonitoka, na hata hilo neno "baba" ninalomwita toka mdogo siku ile lilinikwama kooni. Kwenye karatasi nikaandika "babu". Huo ukawa mstari wa pili.

Toka hapo tukawa tunaangalia wote, episodi mbili kila usiku, tukimaliza analala. Kuna mengine sikuyapenda na nitayasema. Ila kuna kijana anaitwa Junpei Yoshino, huyo nilikaa naye moyoni wiki nzima. Shuleni wenzake wanamtesa, wamemchoma na sigara kwenye paji la uso, ndo maana ameachia nywele zimefunika jicho na uso. Mwalimu wake anakuja nyumbani, anamwambia arudi shule, tena kuhusu wale waliomtesa anaongea kana kwamba walikuwa marafiki zake. Anaongea vizuri, anacheka, wala si mtu mbaya, haoni tu. Mtoto asiyeonwa na mkubwa yeyote anaonwa na Mahito, laana iliyozaliwa na chuki ya binadamu kwa binadamu wenzao, na Mahito anamsikiliza! Anakaa naye, anamjibu maswali, anamwelewa. Junpei anamfuata kwa sababu hiyo tu, na anaishia kugeuzwa dude na yule yule aliyemwamini na kufa, huku Yuji amemshikilia anaomba msaada na laana mbili zinamcheka. Mwanangu alisema huyo mwalimu angemuuliza tu hilo kovu la nini, hadithi ingeisha vingine. Miaka 15 huyo anaongea hivyo, na mimi nilikuwa nimemsikia akishika kitasa usiku miezi na miezi sijamuuliza cha nini.

Baada ya msimu wa kwanza tukaangalia muvi, Jujutsu Kaisen 0, ile iliyotoka Japani tarehe 24 Desemba 2021, inayosimulia mambo ya mwaka mmoja kabla ya Yuji. Humo kuna mwanafunzi anaitwa Toge Inumaki ambaye amezaliwa na nguvu kwenye maneno, akimwambia mtu simama anasimama, akimwambia dondoka anadondoka. Kwa sababu hiyo ameamua haongei. Anataja tu majina ya vitu vinavyowekwa kwenye tonge la wali la Kijapani, samaki fulani maana yake ndio, samaki fulani maana yake hapana, ili asije akamdhuru mtu kwa bahati mbaya kama ilivyomtokea alipokuwa mdogo. Na akilazimika kusema neno zito koo lake linatoa damu. Wengine wanamwona kichekesho, mi nilimwangalia yule mtoto na skafu yake aliyoivuta mpaka puani nikafikiria ni maneno mangapi sisi wakubwa tunayaachia tu kwa watoto, hasa tukiwa na uchungu, na koo zetu hazitoki damu wala nini.

Alafu kuna Yuta Okkotsu, huyo ndo mwenye muvi. Alipokuwa mdogo rafiki yake Rika aligongwa na gari akafa mbele yake, walikuwa wameahidiana kuoana wakikua. Toka siku hiyo Rika ni dude kubwa la kutisha linalomfuata kila mahali na kuumiza yeyote anayemgusa. Sehemu kubwa ya muvi mi niliamini binti ndo amemng'ang'ania. Mwishoni inathibitika ni kinyume chake, ni Yuta mwenyewe, kwa kukataa asife, ndo alimlaani Rika asiweze kuondoka. Gojo alishamwambia mapema kwamba hakuna laana iliyopinda kama upendo. Pale nilizima tivii kwa muda nikaenda jikoni. Maana nilikuwa nimejipanga vizuri na hoja zangu, kwamba laana ni chuki, ni ubaya, na nyumbani kwetu hamna chuki, tunapendana. Baba yangu alimpenda yule mtoto kuliko alivyonipenda mimi. Na hicho hicho kilichomtoka kwa mapenzi ndo kilikuwa kinamwamsha mtoto usiku.

Sasa nifike kwa Nanami. Ambaye hajaangalia msimu wa pili na anataka kuangalia aruke aya tatu zinazofuata.

Kento Nanami ni mtu mzima, suti, miwani, tai ya madoadoa. Aliwahi kuacha kupambana na laana akaenda kufanya kazi ya ofisini ya kuwazalishia matajiri hela, miaka minne. Akarudi kwa sababu ya dada mmoja muuza mikate aliyekuwa analalamika bega linamsumbua, Nanami akaiona laana ndogo imekaa begani, akaitoa kwa mkono tu kama mtu anayepangusa vumbi, yule dada akamshukuru kwa sauti mpaka barabarani. Basi. Hakuna kingine kikubwa. Na nguvu zake ni za mtu wa kazi kweli kweli, anagawanya kitu mara kumi na kupiga pale saba inapokutana na tatu, na anajibana nguvu saa za kazi ili muda wa ziada ukianza ziongezeke. Nilimpenda.

Na kilichonifanya nimpende zaidi ni jinsi anavyokaa na Yuji. Tangu mwanzo anamwambia wewe ni mtoto, na kuwa mtoto sio kosa, mimi mkubwa nina wajibu wa kukutanguliza. Kazi ya hatari anakwenda peke yake, Yuji anampa ile nyepesi. Kwenye ulimwengu mzima ule uliojaa wakubwa wanaopanga mtoto afe lini, huyu mmoja anasimama mbele. Alafu yanakuja mapigano ya Shibuya, mtaa wa Tokyo, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2018 ndani ya hadithi, ambapo karibu kila mtu tuliyemzoea anaumia. Nanami ameungua nusu ya mwili, anatembea tu, anawaza ufukwe wa Malaysia anakotaka kwenda kupumzika. Mahito, yule anayegeuza miili ya watu kwa kuwagusa, anamgusa kifuani. Yuji anatokea pale chini anamwona. Na Nanami kwenye sekunde zile za mwisho anafikiria amwambie nini huyu mtoto, na anajizuia, anajua kabisa kwamba akimwambia neno lile litakuwa laana juu yake, atalibeba maisha yake yote. Na bado linamtoka. Anamwambia yaliyobaki nakuachia.

Nakuachia! Mwanangu alikuwa ameshaiangalia hiyo mara sijui ngapi. Usiku ule hakuangalia tivii kabisa, aliniangalia mimi. Nikageuka nikamkuta ananiangalia, amekumbatia mto wa kochi, anasubiri nione. Ndipo nikaelewa kwamba toka ile jumamosi ya kwanza alikuwa ananisubiri nifike hapo.

Sikuandika kitu muda ule, niliandika kesho yake asubuhi, mstari wa tatu. Nilichofanya nilizima, nikamwambia mwanangu, babu alikupenda sana, lakini yale maneno alitakiwa aniambie mimi. Mimi ndo mkubwa humu ndani. Mlango nafunga mimi, dawa zangu nahesabu mimi, wewe una miaka 15. Na nikamwomba msamaha kwa kumsifia vile kwenye mazishi, mbele za watu, wakati mtoto alikuwa anahitaji kulia. Akakaa kimya muda mrefu alafu akaniuliza, na babu hatakasirika? Nikamwambia babu niachie mimi, ni baba yangu, nitaongea naye. Ndipo akalia. Mwaka mzima na zaidi umepita toka tumzike, na akalia kama ndo ametoka kuambiwa sasa hivi, mpaka kwikwi, nikamshika mpaka akalala pale pale kwenye kochi na urefu wake wote ule miguu inaning'inia.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kimeisha. Kuna usiku bado nasikia kitasa. Ila anakwenda mara moja, na mimi siku hizi natoka, nashika kitasa pamoja naye, namwambia nimefunga, tunarudi kulala. Mpira ameanza tena.

Sasa yale nisiyoyapenda, maana wazazi wenzangu wakiangalia watayaona na wataniona mwongo nisipoyasema. Hii si katuni ya watoto wadogo hata kidogo. Kuna damu nyingi, kuna watu wanageuzwa miili yao wakiwa hai na wanaendelea kuomba kufa, kuna kipande cha gereza la watoto mwanzoni ambapo Yuji anakatwa mkono na baadaye Sukuna anautoa moyo wake mwenyewe kifuani. Dada yangu ana mtoto wa miaka minane, nimemwambia asithubutu. Tatizo letu tukisikia neno katuni tunajua ni ya watoto wote, tunampa mdogo kwa sababu kaka yake anaangalia, alafu mdogo akiota usiku tunasema ni mapepo. Sio mapepo, ni kitu cha kijana mkubwa amepewa mtoto. Na kwa huyo kijana mkubwa pia, kuangalia peke yake usiku wa manane chini ya shuka sio sawa na kuangalia na mtu mzima pembeni. Vitu vile vile, damu ile ile, lakini akiwa na wa kumuuliza inakuwa kitu kingine.

Lingine, na hili mwanangu ndo alinieleza kwa hasira, hata wachoraji wenyewe wa msimu wa pili, mwishoni mwa 2023 wakati unaendelea kuonyeshwa, kadhaa wao walilalamika hadharani mitandaoni kwamba muda waliopewa ulikuwa mfupi mno na wamechoka. Vipande vya Shibuya vinavyotuliza watu kimya vimechorwa na watu wasiolala. Iliniuma kujua, hadithi inayosema wakubwa wasiwamalize watoto kwa kazi, nao wanaoitengeneza wamemalizwa kwa kazi. Nani anawajibika huko mi sijui utaratibu wao, ila nikaona nisilipite.

Ombi langu kwa gazeti, Mhariri, ni dogo. Mkiandika kuhusu hizi anime kwenye kurasa zenu za burudani au za malezi, msituandikie tu kwamba ni za kishetani au kwamba ndo zinavuma. Tuandikieni inafaa kuanzia umri gani, inahusu nini, na ndani yake kuna nini cha kuongea na kijana. Mzazi anayetaka kumkataza mwanae ana haki, ni mwanae, ila aangalie kwanza episodi mbili za mwanzo na yule mtoto akiwa pembeni, rimoti awe nayo mtoto. Aone anaisimamisha wapi.

Barua hii mwanangu ameisoma kabla sijaituma, maana mambo yake yamo ndani na ni yake kuyaruhusu au kuyakataa. Amerekebisha tarehe moja niliyokosea na idadi ya sura. Kaniomba kitu kimoja tu, kwamba kama nafasi haitoshi mkate kwingine kokote, hata pale pa kulia kwake, ila ya Nanami msiikate.

Wako msomaji wa kila siku,
Mama wa kijana wa miaka 15